Namba Nyuma ya Bahasha

Mjukuu wangu wa kike aliporudi kutoka Jeshi la Kujenga Taifa, alikokwenda kwa mujibu wa sheria baada ya kumaliza kidato cha sita, nilimwona amebadilika katika mambo mawili. La kwanza, aliamka kabla ya jogoo na kutandika kitanda chake kana kwamba kuna afisa atakayepita kukikagua. La pili, alizungumza lugha ambayo bibi yake hakuielewa. Kila sentensi ilikuwa na kombania, platuni, foleni na sajini. Jioni moja tulikaa barazani, upepo wa kiangazi ukivuma hapa Endamarariek kama kawaida yake, akaniuliza: "Babu, kwa nini jeshi lina ngazi nyingi hivyo? Mkuu akitaka jambo si aseme tu, watu wote wasikie?"

Nilimjibu kwamba swali lake ni zuri, na kwamba juu ya jambo hilo nina deni la miaka mingi. Nikamwahidi jibu la maandishi, maana mwalimu aliyestaafu huona haya kujibu swali zuri kwa maneno mawili. Hili ndilo jibu lenyewe.

Kwanza nikiri kwamba mimi si mwanajeshi. Gwaride nililolijua ni la mgambo, la Jumamosi alasiri, nilipokuwa mwalimu kijana, tukibeba fimbo mahali pa bunduki. Lakini hata katika gwaride lile la fimbo nilijifunza jambo la msingi. Mkufunzi wetu hakutufundisha kwanza kupiga risasi. Alitufundisha kujipanga kwa makundi ya watu kumi, na akamwambia kiongozi wa kila kundi: "Hawa ni wako. Nikikuuliza saa yoyote mmoja wao yuko wapi, unijibu."

Hapo ndipo jeshi la kisasa linapoanzia. Watu wapatao kumi hufanya seksheni, na kiongozi wao huwa koplo au sajini. Seksheni tatu hufanya platuni, watu thelathini na kitu, chini ya luteni kijana ambaye pembeni yake yupo sajini mzoefu wa kumzuia asifanye upumbavu. Platuni tatu au nne hufanya kombania, watu mia moja na zaidi, chini ya kapteni au meja. Kombania kadhaa hufanya batalioni, ambayo askari wetu huiita kikosi, watu mia sita hadi mia tisa hivi, chini ya luteni kanali. Vikosi vitatu au zaidi, pamoja na wenye mizinga, wahandisi, watu wa redio, madaktari na magari ya kubeba chakula, hufanya brigedi. Brigedi zikiunganishwa huwa divisheni, ambayo ina watu elfu kumi au zaidi na huongozwa na meja jenerali. Hesabu hizi hazifanani katika kila nchi, lakini umbo la ngazi ni lile lile karibu dunia nzima.

Juu ya hapo zipo kamandi. Kwetu Tanzania ipo ya nchi kavu, ya anga na ya wanamaji, kwa sababu anayejua kuendesha meli si lazima ajue kuongoza askari wa miguu. Zote hukutana Makao Makuu, kwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, na juu yake yupo Amiri Jeshi Mkuu, yaani Rais, ambaye ni raia aliyechaguliwa kwa kura. Ngazi ya juu kabisa ya jeshi, ukiitazama vizuri, imeegemea ukuta usio wa jeshi.

Kwa nini tatu tatu? Sababu ni mbili. Kamanda mwenye makundi matatu anaweza kuweka moja mbele, la pili ubavuni, na la tatu nyuma kama akiba. Halafu ipo sababu ya kibinadamu. Akili ya mtu mmoja, mbele ya kelele na hofu, haiwezi kushika mambo ya watu thelathini kwa wakati mmoja. Inaweza kushika ya watu watatu au wanne. Kwa hiyo jenerali haongozi watu elfu kumi. Anaongoza makamanda wachache, na kila mmoja wao anaongoza wachache wake, mpaka tunafika kwa koplo na watu wake kumi.

Sisi wa umri wangu hatukuona ajabu hilo. TANU ilipoanzisha mashina ya nyumba kumi kumi katika miaka ya 1960, kila mtaa na kijiji vilipata balozi. Balozi alijua nani ana mgeni, nani hana mahindi, nani amepigana na mkewe. Juu yake palikuwa na tawi, kisha wilaya, kisha mkoa, kisha taifa. Ni ngazi ile ile, na kwa hesabu ile ile ya kumi.

Ngazi hii tuliletewa na wageni, ingawa makundi ya vita yalikuwapo kabla yao. Wamaasai, jirani zetu, walipanga vijana wao kwa rika, na kila rika lilikuwa na laigwanani wake. Wajerumani walikuja na mpango wa kombania. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, jeshi lao hapa lilikuwa na kombania 14 za medani. Ya kwanza ilikaa Arusha na ya 13 ilikaa Kondoa Irangi, na nchi hii yetu ya Mbulu ilikuwa katikati yao. Kila kombania ilikuwa na bunduki zake za rasharasha, wapagazi wake na madaraka ya kupigana peke yake bila kusubiri amri ya Dar es Salaam. Ndiyo sababu moja iliyomwezesha von Lettow-Vorbeck kuwachosha Waingereza hadi Novemba 1918. Waliolipa gharama ya mchezo huo walikuwa wapagazi na wanavijiji walionyang'anywa chakula.

Waingereza nao walituletea Keya, yaani King's African Rifles. Kikosi cha Tanganyika kilikuwa cha Sita. Katika Vita Kuu ya Pili walipoongeza vikosi, cha pili cha Sita kilikuja kuitwa cha 26, na cha tatu kikawa cha 36. Kwa hiyo mzee aliyekuambia kwamba yeye ni Thelathini na Sita Keya alikuwa amekupa ramani nzima ya asili yake kwa namba moja: Tanganyika, kikosi cha tatu. Vikosi vya Keya vilipigana Ethiopia mwaka 1941, na mwaka 1944 vikawa Burma ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Lakini katika ngazi hiyo Mwafrika alipanda hadi usajini na usajinimeja, akasimama hapo. Vipandio vya juu vilikuwa vya wengine.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, jina lilibadilika likawa Tanganyika Rifles, lakini ngazi ilibaki kama ilivyokuwa. Tulikuwa na batalioni mbili tu. Moja ilikaa kambi ya Colito, Dar es Salaam, iliyopewa jina la mahali Ethiopia ambapo Kikosi cha Sita kilipigana mwaka 1941. Nyingine ilikaa Tabora. Maafisa Waafrika walikuwapo, ila wachache na wenye vyeo vidogo. Makamanda wa juu walikuwa bado Waingereza.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito waliasi. Walitaka nyongeza ya mshahara, na walitaka maafisa Waingereza waondoke. Waliwakamata maafisa wao, na hao wakasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi. Uasi ukafika Tabora. Siku chache baadaye Mwalimu Nyerere, kwa uchungu ambao hakuuficha, aliomba msaada wa Waingereza wale wale, na alfajiri ya tarehe 25 Januari makomandoo wao walishuka kutoka manowari iliyokuwa baharini na kuwanyang'anya waasi silaha.

Nilikuwa mtoto wa shule wakati huo, nikasikia wakubwa wakisema kwamba askari walikosa nidhamu. Ni kweli walikosa. Lakini nilipokuja kuwa mwalimu mkuu na kuongoza walimu wenye manung'uniko yao, niliitazama habari hiyo kwa jicho jingine. Ngazi ni ya kushusha amri, na pia ni ya kupandisha neno la aliye chini. Katika Tanganyika Rifles amri ilishuka vizuri kabisa, ila manung'uniko yalipopanda yalifika kwa sajini yakagota, maana juu yake alikaa mtu mwenye lugha nyingine na nchi nyingine. Neno lililokosa njia ya kupanda likatoka kwa bunduki. Hilo haliwasafishi waasi. Linatueleza tu kilichovunjika.

Serikali ililivunja jeshi lile na kuanza upya. Askari wa Nigeria walikuja kutulinda kwa miezi kadhaa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mrisho Sarakikya, Mmeru wa Arusha, jirani yetu hapa, aliyesomea uafisa Sandhurst. Kambi ya Colito ikapewa jina la Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. Vikosi viliwekewa matawi ya chama na makamisaa wa siasa. Katika mfumo wa vyama vingi ulioanza mwaka 1992 mambo hayo ya chama yaliondolewa jeshini, na ilikuwa sawa kuyaondoa. Lakini naamini wakati ule yalikuwa jaribio la kuhakikisha kwamba neno la askari wa chini lina mahali pa kufika.

Mtihani mkubwa ulikuja mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera. Nchi yetu ilikuwa na wanajeshi wasiofika 40,000. Katika miezi michache walizidi 150,000, kwa hesabu zinazotajwa na wanahistoria, na kati yao mgambo walikuwa kama 40,000. Fikiria, ndugu msomaji, shule yenye wanafunzi mia nne ambayo kwa muhula mmoja inapata elfu moja na mia sita. Usipokuwa na ngazi imara, huna shule tena, una mnada. Jeshi liliunda brigedi mpya, na brigedi zikawekwa chini ya divisheni. Divisheni ya 20, iliyokuja kuongozwa na Meja Jenerali David Musuguri, ilishika njia ya Masaka, ambamo zilikuwamo Brigedi za 201, 207 na 208. Brigedi ya 206 ya Silas Mayunga ilishika njia ya Mbarara. Mwishoni mwa Februari 1979 miji yote miwili ilikuwa mikononi mwa majeshi yetu.

Kijijini kwetu waliondoka vijana kadhaa wa mgambo. Mmoja alikuwa jirani yangu, mtoto wa mama mmoja mjane ambaye sisi sote tulimwita Aayo, yaani mama. Waliondoka Desemba kwa lori. Februari ilifika barua ya kwanza, na Machi mwanzoni ya pili. Aayo hakujua kusoma, hivyo alikuja nayo shuleni, nami nikamsomea chini ya mti, mara mbili, kwa Kiswahili na kisha kwa Kiiraqw. Mtoto hajambo. Nchi ile ni ya ndizi. Asisahau kumwangalia ng'ombe wake mwekundu, aliyemnunua kwa jasho lake mwenyewe.

Ndani ya barua kijana hakuandika anwani. Aliiandika nyuma ya bahasha: namba yake ya jeshi, herufi ya kombania, namba ya kikosi na herufi KJ, yaani Kikosi cha Jeshi. Aayo aliweka kidole juu ya namba hizo akauliza: "Mwalimu, na hizi ni za nini?" Nikamjibu: "Ni mambo ya jeshi tu, mama." Nikamkunjia karatasi ya barua akaondoka nayo. Bahasha ilibaki mezani pangu. Karatasi zilikuwa adimu miaka ile, nikaandikia juu yake hesabu za mahindi ya shule, na jioni nikawashia jiko. Ya kwanza nayo iliishia huko huko.

Barua ya tatu haikuja. Aprili tarehe 11 redio ilitangaza kwamba Kampala imeangushwa, tukashangilia. Mei Aayo alikuja kuniuliza tena. Ndipo nilipoandika barua kwa wakubwa wa jeshi nikitaja jina la kijana, jina la baba yake na kijiji. Nilijiona nimefanya kazi ya maana. Lakini kwetu hapa jina lile la ubatizo na lile la baba wanayo watu wengi, na jeshi lilikuwa na watu zaidi ya 150,000. Mtu wa kumtafuta kijana yule angeanzia wapi? Jibu halikuja. Juni, Julai, Agosti. Mwezi Septemba wazee wa ukoo walikaa wakaamua kwamba kijana amekufa. Matanga yaliwekwa, na ng'ombe mwekundu akachinjwa kulisha waombolezaji. Nami nilikula nyama ile.

Oktoba alirudi kijana mwingine wa kata yetu, aliyekuwa kombania moja na huyo. Alishangaa kusikia habari ya matanga. Alisema mwenzake alijeruhiwa mkono, akabebwa, na baada ya hapo hawakuonana. Lakini namba ya kikosi aliijua, kombania aliijua, hata jina la koplo wao alilijua. Niliandika barua ya pili usiku ule ule. Safari hii sikusimulia habari ya kijiji. Niliandika seksheni ya koplo fulani, platuni fulani, kombania, kikosi. Wiki tano baadaye lilikuja jibu lenye mhuri: askari huyo yu hai, yuko hospitali, anatibiwa mkono wa kulia. Barua aliyoandikiwa na mgonjwa mwenzake haikutufikia.

Alirudi mapema mwaka 1980. Mkono haukukunjuka vizuri tena, lakini alilima kwa miaka mingi. Yeye ndiye aliyenieleza usiku wa Lukaya, tarehe 10 Machi 1979. Brigedi yao ya 201 ilikuwa imejaa mgambo, wengi hawajawahi kuonja vita vikubwa. Walibya waliotumwa kumsaidia Amin waliwashambulia kwa maroketi, na brigedi ikakatika vipande. "Mwalimu," aliniambia, "tulikimbia. Asikudanganye mtu. Brigedi ilikuwa haipo, kikosi hakipo, hata kombania sikujua iko wapi. Nilikuwa kwenye matope, peke yangu." Halafu gizani alisikia koplo wao akiita majina, moja moja, kwa sauti ya chini. Kati ya watu kumi waliitika sita. Hao sita wakasogea, wakakuta wengine wanane na sajini wao. Hao nao wakakuta luteni. Kabla ya mapambazuko palikuwa na kombania tena, yenye mapengo, lakini kombania. Asubuhi ya tarehe 11 walirudi kushambulia kutoka mbele, na Brigedi ya 208, iliyoamriwa kuzunguka usiku kutoka upande wa kaskazini magharibi, ikawapiga adui kutoka nyuma. Lukaya ilirudi mikononi mwetu. Mkono wake aliujeruhi asubuhi hiyo.

Vitabu vya vita hueleza Lukaya kwa mishale kwenye ramani, 201 hapa na 208 pale, na ni haki, kwa sababu bila divisheni kuona uwanja wote na kuiagiza brigedi ya pili izunguke, wale wa mbele wangeangamia. Kazi hiyo koplo haiwezi. Lakini jenerali naye asingeweza kuwakusanya wale waliotawanyika kwenye matope, maana hakuwajua majina. Usiku ule jeshi lilijengwa upya kuanzia chini, na lililoanza kazi hiyo ni sauti ya mtu mmoja aliyekumbuka watu wake kumi.

Mjukuu wangu, hilo ndilo jibu langu. Ngazi ni nyingi ili asiwepo mtu ambaye hakuna wa kumwulizia. Namba, kombania, kikosi: wewe unaviona ni usumbufu wa kambini, na mimi nilimwambia mama mjane kuwa ni mambo ya jeshi tu. Kumbe kwenye bahasha ile palikuwa na njia nzima ya kumfikia mwanawe, kipandio kwa kipandio, nami nikaiwashia jiko.

Kijana yule aliporudi nilikwenda kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, akasema: "Mwalimu, mkono ni wa vita. Ng'ombe ni wako." Nilikuwa na mshahara wa mwalimu wa daraja la chini, na ng'ombe hakuwa rahisi kupatikana. Nilimlipa mtamba baada ya miaka miwili, mweusi, kwa kuwa mwekundu sikumpata. Aayo alimpokea mwenyewe langoni, akamwita jina la yule wa kwanza.

Deni la ng'ombe lilikwisha. La Aayo, la miezi ile aliyoishi kama mama aliyefiwa, halikuwa na malipo, naye hakuwahi kunidai. Lakini tangu mwaka ule, kila barua iliyopita mikononi mwangu, ya mwanafunzi, ya mzazi au ya idara, niliihifadhi pamoja na bahasha yake. Zipo katika sanduku chini ya kitanda changu. Wewe uliyenitumia tatu kutoka kambini, zako nazo zimo.